Suluhisho la mama gani? Kisa cha karatasi ya maelekezo kwenye ukingo wa Kivu, Goma

Kisa hiki kinahusu karatasi moja ya maelekezo, na mwandishi wake ni mimi. Majina ya watu, kartie (mtaa), mwaka na shirika lililohusika nimeviondoa. Maneno ya watu nimeyaacha jinsi yalivyotamkwa, kwa sababu humo ndimo kisa kilimo.

Mazingira

Goma, mashariki mwa Kongo, imekaa juu ya mawe ya volkeno, kando ya ziwa Kivu lenye maji tele, lakini bomba halifiki kila avenue. Kuchimba mtaro wa bomba katika jiwe lile si kazi ya jembe. Mlipuko wa volkeno ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 ulizidisha shida: lava ilishuka mpaka karibu na uwanja wa ndege na sehemu ya mtandao wa maji ikaharibika. Ndiyo maana alfajiri utawaona watoto, akina mama na wasukuma chukudu (baiskeli kubwa za mbao) wakishuka ukingoni na bidoni (madumu) za manjano za lita 20.

Maji ya Kivu yanapendeza machoni. Kipindupindu hakionekani machoni. Watu wazima wa mji huu hawajasahau Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia kwa malaki na ugonjwa ukaua maelfu na maelfu ndani ya wiki chache. Tangu hapo, kila hofu ya kipindupindu inapoamka, vituo vya klore (klorini) huwekwa ukingoni: meza, mwavuli, na mtu mwenye seringi isiyo na sindano. Bidoni iliyojaa inapita mbele yake, anaingiza dawa kidogo, mwenye maji anaendelea na safari. Hakuna malipo.

Dawa yenyewe hutengenezwa hapo hapo. Klorini ya unga, ile yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, inawekwa gramu 15 katika lita moja ya maji, nayo inatoa maji makali ya asilimia 1. Mililita moja ya maji hayo makali ndani ya bidoni ya lita 20 ni sawa na miligramu 0.5 ya klorini katika kila lita. Ila klorini huliwa: uchafu wa maji unachukua sehemu yake, na inayobaki ndiyo inayomlinda mnywaji njiani na nyumbani. Kwa hiyo kila asubuhi mtu anatakiwa kuchukua ndoo nne za maji ya siku hiyo, aziwekee viwango tofauti vya dawa, angoje, kisha apime ni ipi imebakiwa na karibu miligramu 0.5 kwa lita. Kipimo cha ndoo hiyo ndicho cha siku nzima. Mvua ikinyesha usiku na ukingo ukachafuka, kipimo cha jana hakifai tena.

Vituo vyetu vilikuwa viwili. Nitaviita kituo cha mtini na kituo cha mawe. Kamati ya kartie ilichagua wafanyakazi, vijana na mama kadhaa. Shirika lilileta klorini, seringi na msimamizi mmoja aliyepita mara moja kwa wiki. Mimi, mwalimu wa sekondari, nilipewa karatasi ya Kifaransa ya hatua 14 ili niiweke katika Kiswahili.

Karatasi ya kwanza

Niliitafsiri kwa usiku mmoja, kamusi pembeni, na sitaficha kwamba niliipenda. Hatua tatu nazinukuu hapa kwa sababu ndizo zilizotuangusha.

Hatua ya 3: "Andaa suluhisho mama la 1% kwa kuweka kijiko kimoja cha supu cha klorini ya unga katika kila lita ya maji."

Hatua ya 7: "Ingiza ml 5 za suluhisho mama katika bidoni baada ya kuhakikisha kwamba kipimo hicho kinatosha kwa maji ya siku hiyo."

Hatua ya 12: "Suluhisho libadilishwe kila siku saa 6."

Kifaransa kilisema *solution mère*, yaani yale maji makali ya kuanzia. Kamusi ilisema solution ni suluhisho, na mère hahitaji kamusi. Sikuona tatizo lolote. Msimamizi aliisoma, akasema ni safi. Naye alikuwa anaijua kazi tayari, kwa hiyo hakuwa anaisoma kweli, alikuwa anaikumbuka.

Yaliyotokea

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri kwa sababu msimamizi alikuwepo akionyesha kwa mikono. Karatasi ilining'inia kwenye mwavuli bila kazi. Kisha akaondoka.

Aliporudi wiki iliyofuata alipima vituo vyote viwili. Katika kituo cha mtini kidonge cha kupimia kiliyeyuka na maji yakabaki bila rangi, maana yake hakuna klorini iliyobaki. Katika kituo cha mawe maji yaligeuka waridi iliyokolea kuliko rangi ya mwisho ya kipimo. Karatasi moja, ukingo mmoja, matokeo mawili yanayopingana.

Kituo cha mawe kilikuwa na balaa jingine. Akina mama walikuwa wameanza kuipita meza, wanachota mbele zaidi kwenye majabali na kupanda njia nyingine. Mmoja alimweleza msimamizi bila kuzunguka: "Maji yenu iko nanuka Javel. Mtoto anakataa kunywa." (Javel ni dawa ya klorini ya kung'arishia nguo.) Hapo dawa iliyozidi ilikuwa imezaa watu wanaokunywa maji yasiyo na dawa kabisa.

Tulipouliza, sababu zilitoka moja moja. Katika kituo cha mawe kijiko kilijazwa kilima. Hakuna aliyekosea: kijiko cha chumvi jikoni ni kile kijiko kinachoweza kubeba. Dawa ikawa na nguvu karibu mara mbili.

Habari ya kituo cha mtini ilinichukua muda kuiamini. Nilimuuliza kijana wa seringi kwa nini dawa ilikuwa ya siku nne, tena ndani ya chupa inayoonyesha, juani. Jua na joto huila klorini, na karatasi ilisema dawa ibadilishwe kila siku. Akanijibu kwa heshima zote: "Mwalimu, suluhisho ni ya Mama. Nilizani kama njo ile Mama anatengenezaga yeye mwenyewe." Mama aliyekuwa mkubwa wa kituo hicho alikuwa amekwenda kilioni, kijijini, siku nne. Vijana wote walijua kusoma. Wote walisoma "suluhisho mama" na kuelewa suluhisho la Mama. Wakamngoja.

Na saa 6? Kituo kimoja kilielewa saa sita ya mchana. Kingine kilielewa six heures ya asubuhi, kwa sababu saa iliyoandikwa kwa tarakimu kwenye karatasi ya ofisi wao huisoma kwa Kifaransa. Hili halikuleta hasara. Lilikuwa linangoja zamu yake.

Maamuzi, na sababu zake

Msimamizi alitaka formasio, yaani mafunzo, irudiwe. Nilimwelewa: watu wakikosea, jibu jepesi ni kuwafundisha tena. Mimi nilitaka kuirekebisha karatasi, na kosa langu la pili lilianzia hapo, maana nilirekebisha kwa kuongeza. Kila tatizo nililiwekea onyo. Kijiko kisizidi. Dawa isikae juani. Mtu yeyote anaruhusiwa kutengeneza. Kipimo kisitumike bila kuhakikiwa. Karatasi ya pili ilifika kurasa mbili na hatua 22, maonyo yakiwa kwa herufi kubwa.

Ilidumu siku tano. Nilipopita niliikuta imekunjwa, imewekwa chini ya mguu wa meza usiyumbe. Kijana aliyeikunja hakuona haya: "Mwalimu, hii ni ya kusoma, haiko ya kutumika." Sijawahi kupata tathmini fupi kama ile.

Ndipo tukaamua mambo mawili. La kwanza, msimamizi atatengeneza dawa ya vituo vyote viwili kila asubuhi yeye mwenyewe, mpaka tujue karatasi inavunjika wapi. Ilimchosha, lakini hatukuwa na haki ya kujifunza kuandika kwa kutumia matumbo ya watu. La pili, sitaandika neno jingine kabla ya kumwona mtu asiyejua kazi hii akijaribu kuifanya kwa karatasi peke yake.

Asubuhi na mama wa sambaza

Mama mmoja anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, karibu na ukingo alikubali kutusaidia. Alisoma shule ya msingi tu, Kiswahili chake cha kusoma amekipata kanisani. Tulimpa karatasi ya kwanza, seringi, bidoni, ndoo, na chumvi mahali pa klorini. Mimi nilikaa na daftari, kwa sharti moja: nisiseme kitu. Mwalimu wa miaka mingi kunyamaza mbele ya mtu anayekosea! Mara mbili nilijiuma ulimi.

Alisoma kwa kidole. Kwenye "andaa" kidole kikasimama. "Andaa... meza?" Sisi Goma tunatengeneza dawa, tunatengeneza chakula, tunatengeneza hata njia. Kuandaa ni kwa redio.

Kwenye kijiko aliniuliza kijiko gani, maana nyumbani ana vya aina tatu. Sikujibu. Akachukua kikubwa, akajaza, akakitazama kilima, akanitazama mimi, akamimina.

Kwenye hatua ya 7 niliona jambo ambalo siku hizi naliona katika kila karatasi inayopita mikononi mwangu. Kidole kilipofika "ingiza ml 5", mkono wa pili ulishaishika seringi. Kidole kilipofika "baada ya kuhakikisha", dawa ilishaingia ndani ya bidoni. Hakupuuza sharti. Sharti lilimfikia kazi ikiwa imekwisha.

Seringi nayo ilikuwa na siri yake. Mpira wa ndani una kingo mbili, ya juu na ya chini, na kati yake kuna mistari kadhaa. Alisoma ukingo wa chini, ulio karibu na kidole gumba, na dawa ikapungua. Karatasi zangu zote mbili hazikuwa zimesema asome wapi. Ile ya Kifaransa pia haikusema.

Alipomaliza alikunywa kwa kuigiza, akicheka. Nikalivunja sharti langu, nikamuuliza mbona hakungoja nusu saa iliyoandikwa kwenye hatua ya 9. "Maji imeisha kuwa na dawa. Nangoja nini?"

Karatasi ya tatu

Haikuwa karatasi moja tena. Tuligundua kwamba hatua 14 zilikuwa zinawasemesha watu watatu: mwenye kutengeneza dawa, mwenye seringi, na mbeba maji. Kila mmoja alikuwa anatafuta sehemu yake ndani ya kazi za wenzake. Tukatengeneza kadi mbili na sentensi moja.

Kadi ya mwenye kutengeneza dawa ilianza hivi:

"Tengeneza dawa mpya kila asubuhi, kabla jua halijatoka. Kila aliyeonyeshwa kadi hii anaruhusiwa.
Kaa nje, penye upepo. Vaa glavu, funika pua na mdomo.
Chukua chombo cha plastiki kisichoonyesha ndani. Weka maji lita 1.
Jaza kijiko kilichofungwa kwenye kadi hii. Pitisha kisu juu yake, unga uwe sawa na ukingo.
Mimina unga ndani ya maji. Usimimine maji juu ya unga.
Koroga kwa mti safi. Acha mpaka uchafu ulale chini. Tumia maji ya juu tu."

Neno suluhisho halimo. Ni "dawa ya maji", kama watu wanavyoiita. Asilimia 1 nayo haimo. Ilihamia nyuma ya kadi kwa ajili ya msimamizi. Kijiko tulikipima kwa mizani mara moja kwenye duka la dawa, tukakifunga kwa kamba, na swali la "kijiko gani" likaisha.

Chini yake ziko ndoo nne za asubuhi, na zenyewe zinakuja kabla ya bidoni yoyote. Jibu la ndoo hizo halikuandikwa kama namba. Lilikuwa alama kwenye seringi.

Kadi ya mwenye seringi ina mistari mitatu: "Vuta dawa mpaka ukingo wa juu wa mpira, ule ulio karibu na mdomo wa seringi, uguse alama. Ingiza katika bidoni iliyojaa. Mwambie mwenye maji sentensi hii."

Na sentensi ya mbeba maji: "Dawa imeingia sasa, lakini vijidudu havijakufa bado, ngoja saa nzima ndipo unywe."

Niliandika "saa nzima" kwa makusudi. "Ngoja saa moja", kwa mtu mwenye saa ya Kiswahili, inaweza kuwa ngoja hadi saa moja ya asubuhi. Kuhusu muda wenyewe, nusu saa ya karatasi ya Kifaransa ni kwa maji ambayo pH yake (kipimo cha asidi) haifiki 8. Ya Kivu, kwenye uso wa ziwa, inazunguka 9, na katika maji ya aina hiyo klorini hufanya kazi polepole zaidi. Msimamizi ndiye aliyeshauri muda urefushwe.

Matokeo

Tulizijaribu kadi kwa watu wengine watatu, chumvi ile ile, daftari lile lile. Wa kwanza alikwama mahali pawili, wa tatu hakukwama. Msimamizi akaacha kutengeneza dawa mwenyewe. Wiki tatu zilizofuata vipimo vyake katika vituo vyote viwili vilikaa palipotakiwa, isipokuwa siku moja baada ya mvua kubwa, kituo cha mawe kiliporuka ndoo nne kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Mama wa kituo cha mtini alisafiri tena mwezi huo. Kijana aliyemngoja mara ya kwanza alitengeneza dawa akiwa na kadi kwenye goti. Lita yake moja ilihudumia foleni yote ya asubuhi na ikabaki.

Waliokwenda kuchota kwenye majabali walirudi, lakini si wote. Mmoja alituambia ataangalia kwanza watoto wa jirani wanakunywa vipi. Hatukuwa na kadi ya jambo hilo.

Uchambuzi

Neno "suluhisho" linastahili kusemwa zaidi, kwa sababu si kosa la tafsiri kwa maana ya kawaida. Kamusi inaliunga mkono, na mwanafunzi wa kemia wa Dar es Salaam pengine angelielewa. Lakini Goma suluhisho hutafutwa ugomvi unapokuwepo, na "mama" ni mtu, tena mtu wa kuheshimiwa, usiyeingilia kazi yake. Maneno mawili sahihi yalikutana na kumpa mtu mmoja mamlaka ambayo hakuna aliyempa. Karatasi yangu iliandika utaratibu wa maji. Watu wakasoma utaratibu wa madaraka na kuutii vizuri kuliko nilivyostahili. Kama wangekuwa wajeuri, maji yangekuwa salama.

La mpangilio wa sentensi najilaumu zaidi, kwa sababu nalifundisha darasani. Kiswahili kinaniruhusu kuanza na tendo na kumalizia na sharti, na kwenye insha sentensi hiyo inapendeza. Msomaji aliyekaa husoma mpaka nukta. Aliyesimama na seringi mkononi hutenda kwenye kitenzi cha kwanza cha kuamuru. Tangu siku ile ya mama wa sambaza, "baada ya" na "isipokuwa" zikionekana nyuma ya kitenzi cha kuamuru, nazikata na kuzitanguliza.

Kuhusu sababu, niliyumba. Karatasi ya pili ilikuwa na sababu kila mahali na ikawa mzigo. Kwenye rasimu ya karatasi ya tatu nikazifuta zote, na watu wakafanya kila kitu ila kungoja. Tuliporudisha nusu ya sentensi, ile ya vijidudu havijakufa bado, walianza kungoja. Kwenye glavu hatukueleza kitu na zilivaliwa, kwa sababu harufu ya unga inajieleza. Kumimina unga ndani ya maji pia hakukuhitaji sababu. Hakuna aliyetamani kufanya kinyume. Kungoja ndiko kulikohitaji, maana macho yanamwambia mtu kwamba kazi imekwisha, na kiu inakubaliana na macho.

Kuhusu formasio, msimamizi na mimi bado hatukubaliani. Yeye anasema kadi zimefaulu kwa sababu watu walikuwa wamefundishwa mara mbili. Mimi namwonyesha mama wa sambaza, ambaye hakufundishwa na alituonyesha kila ufa. Hoja yake hata hivyo ina uzito mahali pamoja: neno "aliyeonyeshwa" kwenye kadi yenyewe linakiri kwamba klorini ya unga haipewi mtu kwa maandishi matupu.

Yaliyoshindikana ni mawili. Alama ya kwanza kwenye seringi tuliipaka rangi ya kucha, nyekundu. Ilishika vizuri mno. Asubuhi ya pili seringi ilikuwa na alama mbili, ya jana na ya leo, na mwenye seringi akachagua iliyong'aa zaidi. Tukahamia skochi, utepe wa gundi unaobanduliwa na kubandikwa kila siku. La pili halijapata dawa. Kipimo cha ndoo nne ni kulinganisha waridi hafifu na waridi iliyokolea kidogo, na foleni huanza kukiwa bado giza. Kwa tochi ya simu rangi zote mbili ni moja. Kwa sasa bidoni za kwanza zinapewa kipimo cha jana, na skochi inahamishwa jua likishatoka.